Mzigo Haufungwi Mtoni

Kinu cha kahawa cha Bwera kikinguruma, hata mbwa wa jirani hubweka bila sauti. Unaona mdomo umefunguka, unaona meno, basi. Ndani ya mngurumo huo ndimo Nobert alimokuwa akishinda tangu ndevu zake za kwanza, akimimina kahawa kavu juu na kupokea punje safi chini, vumbi la maganda likimkaa hadi kwenye kope. Jioni akitoka, masikio yalimwimbia kama mbu walionaswa chupani. Zamani mbu hao walinyamaza kabla hajafika nyumbani. Siku hizi walilala naye na kuamka naye, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuwa amemwambia mtu.

Ukimuuliza mtu wa Bwera Nobert ni nani, hatakutajia kinu. Atakuambia, "Ah, yule wa gitaa!" Harusi gani huko Kyondo mlimani hajaipigia? Bibi harusi hakubali kutoka ndani mpaka asikie gitaa la Nobert likimwita, hasa ule uzi wa kwanza, mwembamba kuliko yote, ambao yeye aliufanya ulie kama ndege anayeita mvua.

Na uzi huo ndio ulioanza kufa.

Haukufa siku moja. Ulififia, kama sabuni inavyoisha bila wewe kuona inaishaje. Kidole kilisikia uzi ukitetemeka, lakini sikio lilipokea "tik" tu, kama ukucha ukigonga sahani. Nobert akasema nyuzi zimezeeka. Akanunua mpya. Tik. Akasema waya wa gitaa umechoka. Akanunua waya. Tik. Akanunua pedali ya kunoa sauti, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, kisha pedali nyingine ya mwangwi, kisha spika ndogo, kisha kubwa yake, kisha gitaa la pili, jekundu, ambalo halikuwa na kosa lolote isipokuwa lilikuwa na ugonjwa uleule.

Kila kifaa kipya kilimpa siku chache za amani. Alikifungua kwenye boksi lake akinusa ile harufu ya plastiki mpya, akijiambia: sasa. Halafu siku zikapita na hofu ikarudi, ikamkalia kifuani kama jiwe la kusagia. Kwa sababu ndani kabisa, mahali ambapo mtu hapendi kuchungulia, Nobert alijua. Hakuna duka linalouza masikio.

Jumapili moja, katikati ya wimbo wa sadaka, aliona watoto wa safu ya mbele wamejiziba masikio na wanacheka. Akadhani wanacheza. Wimbo ulipoisha, Zedekia, kiongozi wa kwaya, mtu mpole asiyeweza kumkemea hata mbuzi, alimsogelea akamgusa bega.

"Kaka, ule uzi wako wa kwanza umepanda. Umepanda sana. Tangu mwanzo."

"Nimeona," Nobert akajibu haraka. "Ni hii amplifaya. Imezeeka."

Zedekia akatikisa kichwa kukubali. Kukubali kwake upesi namna ile kulimtisha Nobert kuliko watoto waliocheka.

Jioni hiyo mkewe, Rusi, alisimama mlangoni mwa chumba cha binti yao, Sylivia, ambacho sasa kilikuwa ghala. Sylivia alilala katikati ya maboksi kama panya wa dukani. Rusi alikuwa mwuza chumvi. Aliipokea ikitoka Katwe, akaiuza kwa bakuli kwenye soko la Mpondwe, hatua chache kutoka daraja la mpakani. Mtu anayekaa darajani miaka mingi hajui kuzungusha maneno.

"Baba Sylivia, niangalie. Ndani ya nyumba hii hakiingii tena kitu chenye waya."

"Hata pasi?"

"Hata pasi! Tutavaa nguo zenye makunyanzi tuende nazo mbinguni. Niapie."

Akaapa. Na alimaanisha, maskini.

Mwezi uliofuata kinu kilimtuma Kasese na lori la kahawa. Kazi ilipokwisha, miguu yake ilimpeleka yenyewe kwenye mtaa wenye duka la vyombo vya muziki. Nitaangalia tu, akasema. Macho hayalipishwi. Ndani, amplifaya nyeusi ilikuwa imekaa juu ya meza, taa yake nyekundu ikiwaka kama jicho la mnyama gizani. Mwenye duka akamkabidhi gitaa. Nobert akagusa uzi wa kwanza. Tik. Akazungusha kitufe. Tik. Akazungusha tena, na tena, mpaka kwa mbali, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde, ule uzi ukalia. Ndege wake! Alifumba macho. Machozi yalimkaribia.

Alipofumbua, mwenye duka alikuwa amejibana ukutani, viganja vyote viwili masikioni. Nje, boda boda walikuwa wamegeuka kutazama. Mama mmoja alikuwa anamtikisa mtoto mgongoni, na mtoto mdomo wazi, analia.

"Mzee!" mwenye duka alisema, na Nobert aliyasoma maneno midomoni zaidi ya kuyasikia. "Unataka kututoboa masikio?"

Nobert akatazama kitufe. Kilikuwa kimefika mwisho.

Akalirudisha gitaa polepole, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota, akatoka bila kuaga. Alipofika nyumbani alimwambia Rusi nusu ya kweli: "Nimeingia duka la magitaa Kasese, nimetoka mikono mitupu." Rusi alifurahi mpaka akamkaangia mayai. Nobert aliyala mayai hayo kama mwizi.

Sasa, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, aliishi mama mmoja mfanyabiashara anayeitwa Aimée. Alitoka Butembo na watoto wake nyakati zilipokuwa mbaya, akaanza kuuza vitu vya mitumba: redio, feni, vinanda vya kanisa vilivyokosa meno. Alimjua Nobert tangu siku kwaya zao zilipoimba pamoja, na alimjua vizuri kwenye udhaifu wake. Simu ya Nobert iliwaka kwenye kinu. Ilikuwa picha. Amplifaya kubwa, kifua kipana, kitambaa cha mbele bado kizima. Chini yake maneno: *Papa Nobert, hii iko na force. Ukipiga, hata mufu anaamuka. Ijumaa mutu mwingine anakuja kuichukua.*

Nobert aliizika simu ndani ya gunia la kahawa. Akaenda kufanya kazi upande mwingine wa kinu. Akarudi, akaifukua, akatazama picha. Akaizika tena. Mfanyakazi mwenzake alidhani anaficha pesa. Siku hizo hakula vizuri. Alijiogopa. Umewahi kuuogopa mkono wako mwenyewe? Alikuwa akiutazama unavyokwenda kwenye gunia, kama mkono wa mtu mwingine.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini. Alitia pedali zake zote kwenye mfuko, pamoja na ile spika ndogo, avibadilishe na amplifaya. Si kununua, alijiambia. Kubadilisha si kununua. Kiapo kimebaki kizima.

Daraja la Mpondwe lina macho. Ijumaa ni siku ya soko, na Rusi angekuwa pale na chumvi yake, akimwona kila apitaye. Kwa hiyo Nobert alipanda juu kuelekea Karambi, kwenye kivuko cha miguu cha mto Lhubiriha ambako watu hupita majini na mizigo vichwani. Alipunguza mwendo kabla hajaona maji.

Alikuwa na sababu. Kabla ya kinu, Nobert alikuwa mbebaji pale pale. Gitaa lake la kwanza kabisa alilipata kwa kuwabebea watu sabuni, mafuta na magodoro. Na wabebaji wa Lhubiriha wana desturi zao mbili ambazo mtoto hufundishwa kabla ya kuogelea. Ya kwanza: mzigo haufungwi mtoni. Unakaa kichwani au begani, umelala huru, ili mto ukiutaka uupe, nawe ubaki. Ya pili ni mluzi. Mvua hunyesha huko juu Rwenzori wakati chini jua linawaka na vumbi linatimka. Mto huja bila kubisha hodi. Kwa hiyo mwenzao mmoja hukaa kwenye mwamba kwenye kona ya juu. Akiona maji yamebadilika rangi, anatia vidole mdomoni na kupiga mluzi mkali, mrefu, unaochoma sikio. Ukisikia, hata kama mguu mmoja umegusa nchi kavu, unatupa na kutoka.

Jean-de-Dieu alikuwa rafiki yake. Alijifunga godoro kiunoni kwa kamba kwa sababu upepo ulikuwa unalichezea. Nobert ndiye aliyekuwa juu ya mwamba siku hiyo. Alipiga mluzi mpaka midomo ikapasuka. Jean-de-Dieu alisikia, akageuka, lakini godoro lilikuwa limekwisha kunywa maji. Tangu alipozikwa, Nobert hakuutia mguu wake mtoni tena.

Leo aliutia. Maji yalikuwa ya magotini, safi, kokoto zinaonekana. Alivuka akiwa ameshika pumzi.

"Karibu, Papa Nobert!" Aimée alimpokea kwenye ua wake uliojaa feni zisizozunguka. "Mbona suruali iko na maji?"

"Nimepita mtoni."

"Eh! Mutu mukubwa anapita mu muto kama mwizi? Daraja imevunjika?"

"Darajani kuna mke wangu."

"Ah, bon! Sasa nimejua. Unaogopa bibi kuliko muto."

"Mto hauulizi maswali."

Aimée alicheka mpaka akashika kiuno. Akamwonyesha amplifaya, akachomeka gitaa bovu alilokuwa nalo. Nobert akapiga uzi wa kwanza.

"Ongeza," akasema.

Aimée akaongeza.

"Ongeza tena."

"Papa, majirani beko na masikio!"

"Tena kidogo."

Ndege akalia. Hakuwa mbali kama yule wa Kasese. Alikuwa hapa, kwenye ua, karibu. Nobert alisahau kiapo, alisahau mto, alisahau jina lake. Aimée alikuwa ameziba masikio kwa viganja. "Basi! Basi! Kuku yangu itataga mbele ya siku!"

Wakabadilishana. Mzigo ulikuwa mzito na wenye kona, haukukaa begani wala kichwani. Aimée alichukua kitenge chake, akamgeuza Nobert, akaifunga amplifaya mgongoni kwake kama wamama wanavyofunga mtoto, akakaza fundo kifuani.

"Haya. Beba mutoto yako. Asilie mu njia."

Fundo lile lilipokazwa, kitu kilimsuta Nobert moyoni. Alilishika kwa vidole. Nikifika mtoni nitalifungua, akajiambia.

Alipofika mtoni hakulifungua. Ukweli ndio huo. Aliogopa. Aliona mikono yake ikiteleza, aliona amplifaya ikizama, ndege wake akizama nayo, na yeye akirudi kwenye ile "tik" maisha yake yote. Msichana mmoja mbebaji, Wivine, aliyekuwa amekaa juu ya katoni za sabuni akisubiri zamu, alimtazama kifuani.

"Yaya, mukubwa wangu, fungua ile kitu. Hapa hatufungaka muzigo."

"Binti, nilibeba hapa kabla hujazaliwa."

"Basi unajua."

"Maji ya magoti haya! Ndani yake hata bata anatembea."

Akasimama kwanza ukingoni, kama alivyofundishwa, akasikiliza juu. Kimya. Mbu wake tu wa chupani. Akaingia.

Alikuwa katikati ya mto alipoona watu wa ng'ambo, upande wa Uganda, wamesimama. Crispus, mkubwa wa wabebaji, mtu waliyebalehe naye, alikuwa anarusha mikono juu. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufunga. Wengine nao walipunga. Nobert akadhani wanamcheka, mzee mzima na mtoto wa mbao mgongoni. Akawapungia. Akapaza sauti, "Ni mapacha! Mwingine yuko nyumbani!"

Hawakucheka.

Ndipo alipotazama chini. Kokoto zilikuwa hazionekani. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na juu yake yalipita majani mabichi ya kahawa, tawi zima, kisha ndara ya mtoto, kisha povu. Ubaridi mpya ulimgusa mapaja. Ubaridi wa barafu, wa juu kabisa.

Alipiga hatua moja. Ya pili mguu haukupata kitu. Mto ulimpiga ubavuni, ukamgeuza uso juu, na amplifaya ikanywa. Aliisikia inakunywa, mbao na kitambaa, ikizidi uzito pumzi baada ya pumzi, ikimvuta mgongo kuelekea mawe kama mtu aliyemkumbatia kwa nyuma akikataa kwenda peke yake. Jean-de-Dieu, aliwaza. Jean-de-Dieu, niachie.

Vidole vyake vilikwenda kifuani. Fundo lilikuwa limevimba, gumu kama kokwa la parachichi. Maji yalimwingia puani. Alishika mwamba kwa mkono wa kulia, na kwa ule wa kushoto akalichokonoa lile fundo. Wapiga gitaa wana ngozi ngumu kwenye ncha za vidole vya kushoto. Alizichimbia pale ngozi zile, akavuta, ukucha ukang'oka, akavuta tena. Na hapo, ndani ya maji, akiwa nusu mfu, mkono wake ulisita. Ulisita kweli! Ulikuwa bado unauliza: hakuna njia nyingine?

Hofu ndiyo iliyojibu. Akavuta. Kitenge kikalegea, uzito ukaondoka mgongoni, na amplifaya ikapita pembeni yake ikiviringika, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani. Hakuiona tena.

Crispus alimdaka shati chini kidogo, kwenye mizizi, akisaidiwa na watu wawili. Walimtupa kwenye nyasi kama gunia. Alitapika mto. Mkononi alikuwa bado ameshika ncha ya kitenge.

"Wewe ni mjinga au ni mulevi?" Crispus alimwinamia, uso kwa uso. "Umefunga muzigo! Wewe, Nobert! Wewe uliyemfukua Jean-de-Dieu kwenye muchanga wa muto! Na mluzi umepigwa mpaka mupigaji amekauka mate, wewe unatupungia kama bibi harusi!"

"Kelele za maji..."

"Maji ilikuwa haijafika! Hata ng'ombe za Kasindi, kule Kongo, zimesikia."

Nobert alikaa akikamua kitenge, akakikunja, akakikamua tena, ili mikono ipate kazi. Kisha akaona jambo. Wale watu wawili mbele yake walikuwa wameacha kuongea. Mmoja alikuwa amekunja uso kama aliyekanyaga mwiba, bega moja limepanda hadi sikioni. Walikuwa wanamtazama yeye, kisha nyuma yake, kisha yeye tena. Macho yao yalikuwa na huruma. Huruma hiyo ndiyo aliyokuwa akiikimbia tangu siku ya kanisani.

Akageuka.

Crispus alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kumgusa, vidole viwili mdomoni, mashavu yamejaa. Alikuwa anapiga mluzi.

Ndiyo. Mluzi ule ule. Nobert alitazama mashavu yakisinyaa.

"Tangu lini?" Crispus aliuliza, sasa kwa upole, midomo wazi ili isomeke.

"Sijui," Nobert akasema, na kwa mara ya kwanza alilia.

Alitembea kurudi Bwera na nguo zilizokaukia mwilini. Alimwogopa Rusi kuliko alivyouogopa mto. Angesema nini? Angeanzia wapi? Kwenye kiapo, kwenye Kasese, kwenye mbu? Rusi alikuwa amerudi sokoni, anapepeta maharage uani. Alitazama ukucha uliong'oka. Alitazama kitenge asichokijua.

"Hiki ni cha nani?"

Hapo mwanamume mwingine angetunga hadithi. Nobert aliketi chini akamwambia yote, bila mpangilio, kuanzia mwisho kurudi mwanzo, na mwisho kabisa akasema kile ambacho hakuwa amekitamka hata peke yake:

"Mama Sylivia, masikio yangu yanakufa."

Rusi aliweka ungo chini. Akamjia, akachuchumaa mbele yake.

"Unadhani kwa nini siku hizi sikuiti nikiwa jikoni? Kwa nini naacha moto, natoka, nakuja kusimama mbele yako ndiyo niseme 'chakula tayari'? Unadhani ni heshima?"

Nobert alimkodolea macho. Ilikuwa kweli. Mwaka mzima, labda zaidi, mke wake hakuwahi kumsemesha kwa nyuma. Sylivia naye alikuwa na tabia ya kumgusa mkono kwanza.

"Mlijua."

"Tulijua."

"Mbona hamkusema?"

"Wewe mbona hukusema? Kila nikitaka kuanza, unaleta boksi jingine. Nikadhani unajitibu." Akauokota ungo, akaupiga kwa hasira ambayo haikuwa hasira. "Nilikukataza waya kwa sababu niliona hutibiki kwa waya. Sikujua utaniendea mtoni. Ningekuwa mjane wa amplifaya!"

Alicheka, kisha uso ukamkunjika, akaficha macho kwenye kanga.

Wiki iliyofuata walipanda gari kwenda Kasese pamoja. Watu walisema kuna kliniki ambapo daktari wa masikio huja mara moja moja. Njiani simu iliwaka mkononi mwa Nobert. Aimée. *Papa pole kwa ile. Niko na ingine, ndogo, muzuri kuliko ile. Naweka picha?*

Kidole chake kilikwenda chenyewe. Aliona kinavyokwenda. Kilikuwa bado na kidonda pale ukucha ulipokuwa, na bado kilikwenda! Hofu ilimpanda, ile ile ya mtoni, ya kusita ukiwa umeshika fundo. Hajapona, basi. Labda hatapona. Akaizima simu, akampa Rusi. Rusi akaitia ndani kabisa ya mkoba wake, chini ya karanga.

Gari liliwashusha karibu na ule mtaa. Nobert alipita mbele ya duka akitazama kisogo cha mkewe, hatua kwa hatua, kama mtu anayevuka kwa kushika kamba. Kona ya jicho lake iliiona ile taa nyekundu. Akaiacha ikae huko kwenye kona.

Kliniki ilikuwa chumba kidogo, madirisha yamefungwa, ukuta umewekwa magodoro ya kuzuia kelele. Muuguzi kijana alimkalisha kwenye kiti, akamvisha masikioni vipokea sauti viwili vikubwa. Vilikuwa vizito, vya ngozi laini, waya wake mnene umesukwa vizuri. Nobert alivigusa. Kabla hajajizuia alikuwa amefungua mdomo kuuliza vinatoka wapi vitu kama hivi, vinapatikana?

Akaufunga. Rusi, aliyekaa kwenye stuli mbele yake, alikuwa ameliona swali lile likija na likirudi, akabinya midomo asicheke.

"Mzee," muuguzi alisema, akijileta mbele ili aonekane, "nitapeleka sauti. Zingine nzito, zingine nyembamba sana. Ukisikia, hata kidogo, inua mkono. Usipike jibu. Ukiwa hujasikia, acha. Mama, tafadhali usimsaidie kwa macho."

Rusi akainamisha uso, akatazama viatu vyake.

Sauti nzito zilikuja. Nobert aliinua mkono, akashusha, akainua. Ya kati ikaja, akainua. Halafu muuguzi akazungusha kitufe upande wa juu, Nobert akakiona kidole cha yule kijana kikibonyeza, na kidole kikakaa pale.

Mikono ya Nobert ilikuwa magotini, imeloa jasho. Alitamani kuinua. Ni nani angejua? Angeinua tu, angeandikwa mzima, angerudi nyumbani mzima, uzi ungekuwa ndio mgonjwa tena. Mkono ulimwasha. Alitazama utosi wa Rusi ulioinama, alisikiliza kwa nguvu zake zote, kama aliyesimama ukingoni akisikiliza juu.

Mbu. Mbu tu.

Akauacha mkono wake mahali ulipokuwa.